Chagua Mche Mwezi wa Nane

Bustani nyingi za Karatu hupendeza wakati hakuna wa kuziangalia. Aprili, masika yakikolea, hata uchochoro wa nyuma ya duka la pembejeo huwa na maua. Lakini Aprili wageni ni wachache, kambi kadhaa zimefungwa kwa ukarabati, na sisi wenyeji tuko shambani na majembe. Magari ya watalii huanza kufuatana barabarani Juni hadi Oktoba. Harusi nazo hufuata mavuno. Ni miezi hiyohiyo ambayo ukoka umegeuka rangi ya gunia, vumbi jekundu limepaka kila jani, na upepo unapuliza tangu alfajiri. Mwenye nyumba ya wageni anawapokea wageni wake wengi wa mwaka kwenye bustani iliyo katika hali yake mbaya kuliko zote.

Theluji hatuna. Tulicho nacho ni miezi minne au mitano bila mvua ya maana, na nusu yake ina baridi ya kuvaa koti. Wengi wanadhani dawa ni mpira wa maji. Kwa mji ambao maji ya bomba hayana uhakika na ndoo hununuliwa kwa fedha, hiyo si dawa. Dawa ni kuchagua mimea ambayo kiangazi ndicho kinachoifanya ipendeze, na mimea hiyo ipo, mingi ikiwa imeota kando ya njia unayopita kila siku.

Kwa hiyo usichague miche masika. Ichague mwezi wa nane. Chukua siku moja, tembea kutoka mjini kwenda Rhotia au kushuka njia ya Mang'ola, na uangalie ni nini kimesimama, kina rangi, na hakuna mtu anayekimwagilia. Hiyo ndiyo orodha yako. Wauza miche ni watu wazuri, lakini mche ulio kwenye kitalu unanyweshwa asubuhi na jioni, kwa hiyo hauwezi kukuambia ukweli. Muulize muuzaji swali moja tu: "Dada, huu kiangazi unakuwaje?" Akikujibu, "Ni kumwagilia tu, kaka," mshukuru uende kwenye mche unaofuata.

Kabla ya mche, jua pia uko wapi. Karatu mjini ni kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kingo za kreta ya Ngorongoro ziko kwenye mita 2,200 hadi 2,400, na mwendo huo mfupi wa gari unakuvusha kutoka nchi moja ya mimea kwenda nyingine. Pepo za kusi kutoka Bahari ya Hindi hupanda miteremko ya mashariki, zikapoa na kuwa ukungu. Ndiyo sababu msitu umekaa upande huo, kuanzia lango la Lodoare kwenda juu, na ndiyo sababu ukivuka kwenda Olduvai unakuta nchi kavu. Mtu wa Oldeani anayepakana na msitu huamka Julai akakuta majani yana maji. Mtu wa Karatu mjini huamka akakuta yana vumbi. Mche mmoja hauwezi kuwafaa wote wawili.

Na kuna jambo la jua, ambalo hata mafundi wa bustani hulisahau. Sisi tuko nyuzi tatu na kitu kusini mwa Ikweta. Juni na Julai, jua la saa sita mchana linakaa upande wa kaskazini wa anga, na Desemba linahamia kusini. Maana yake ni kwamba ukuta wa nyumba unaotazama kusini hukosa jua karibu msimu wote wa baridi. Ukipanda pale mmea unaopenda joto kwa sababu Desemba uliona pana jua zuri, utakaa umejikunyata hadi Septemba. Weka upande wa kaskazini kile unachotaka kichanue wakati wa baridi, na upande wa kusini uwaachie wapenda kivuli.

Sasa tuanze na miti, kwa sababu bustani ya kiangazi husimama kwa umbo na gome kabla ya ua. Ulaya wamelijua hili zamani. Majira yao ya baridi huacha miti mitupu, nao hupanda kwa makusudi miti yenye magome meupe na vichaka vyenye matawi mekundu, ili macho yapate pa kutua. Sisi tuna gome linaloshinda hayo yote: mgunga wa njano, ule ambao wataalamu wanauita Vachellia xanthophloea, zamani Acacia xanthophloea. Ukishuka ndani ya kreta utaukuta katika msitu wa Lerai, ambao umechukua jina la Kimaasai la mti huohuo. Shina lake ni la njano inayoelekea kijani, na ukilipangusa kwa kidole unga wa njano unabaki mkononi. Jua la saa kumi na moja jioni likilipiga kutoka pembeni, hakuna ua linaloweza kushindana nalo.

Ila mti huu una tabia zake. Unapenda maji ya chini, na ndiyo maana porini hukaa mabondeni na kando ya vinamasi. Ukiupanda kwenye kilima kikavu utabaki kuwa kijiti chenye miiba. Mahali pake ni pale maji ya kuogea na ya jikoni yanapoishia. Uweke mbali na msingi wa nyumba na mabomba, hatua kumi au zaidi, kwa kuwa hukua haraka na hautabaki mdogo. Miche ikiwa mitatu iliyokaa kwa kuachana isivyo sawa, inapendeza kuliko mstari wa miche kumi. Sijui ni nani aliyetufundisha kupanda kila kitu kwa mstari kama gwaride la Mwenge.

Kama huna nafasi ya mgunga, angalia mpera ulionao tayari. Watu huuona kama mti wa watoto tu. Kata matawi ya chini hadi usawa wa kifua, shina lionekane. Gome lake hubambuka vipande vyembamba, na chini yake kuna mabaka ya kijani, kahawia na rangi ya shaba, laini, yasiyoshika vumbi. Kazi ni ya asubuhi moja na panga kali, na gharama yake ni sifuri.

Mzeituni mwitu ni mti wa subira. Unakua polepole, lakini kiangazi ndipo unapoonyesha heshima yake: jani gumu, la kijani kilichokolea juu na kilichofifia chini, hivyo upepo wa Agosti ukipita mti wote unabadilika rangi kisha unarudi. Matunda yake madogo meusi huleta njiwa wa msituni. Kwa ujumla, jani gumu na linaloteleza ni jani la Karatu. Jani pana lenye manyoya hukusanya vumbi la barabara na kubaki nalo hadi vuli.

Kwa rangi ya moto, mwamba-ngoma, Erythrina abyssinica, hauna mpinzani. Unapukutisha majani yote kiangazi, kisha kwenye matawi matupu hutoa maua mekundu yanayokaribia rangi ya machungwa yaliyoiva, yamesimama wima. Gome lake ni nene na lina mipasuko, linavumilia hata moto wa nyasi. Hupandwa kwa mbegu au kwa kukata tawi nene na kulichomeka ardhini kabla ya mvua. Tahadhari ni mbegu zake: ni nyekundu, nzuri, watoto huzipenda kwa kutengenezea shanga, na zina sumu zikipasuliwa na kuliwa. Kama una shule ya chekechea, panda kitu kingine.

Mjakaranda nao huchanua mwishoni mwa kiangazi, Septemba na Oktoba, na zambarau yake tunaijua sote. Sina ugomvi nao, ila asili yake ni Amerika ya Kusini na tayari tunao wa kutosha barabarani.

Nije kwenye kitu ninachokipenda kuliko vyote: mishubiri. Simaanishi alovera ya kwenye kopo pekee. Katika nchi kavu ya kaskazini mwa Tanzania na Kenya kuna mshubiri uitwao Aloe secundiflora, na ukiuangalia kwa karibu utaona jambo ambalo ukipita na gari hulioni. Shina la maua hugawanyika matawi yanayolala pembeni, na kwenye kila tawi maua yote yamejipanga upande mmoja tu, ule wa juu, yakitazama anga. Hayo si maua ya kuangaliwa na watu. Yamewekwa hivyo kwa ajili ya ndege anayetua juu ya tawi, na ndege huyo ni chozi. Wakati huohuo majani ya chini, kwa ukame, huanza kuwa na wekundu wa kahawia. Usiufute wekundu huo kwa maji. Ndiyo rangi uliyoitafuta.

Mshubiri hautaki samadi nyingi wala shimo la kina. Unataka kifusi, mawe na jua. Mwinuko wa mawe wa futi mbili kando ya lango, na mishubiri kumi na tano juu yake, unatosha kumfanya mgeni asimame. Usiende kuichimba porini. Mkataba wa kimataifa wa CITES unailinda mishubiri karibu yote, ukiiacha alovera, na hata bila mkataba, mmea mkubwa uliong'olewa huweza kupoteza mizizi na kukaa mwaka mzima bila kuchanua. Mbegu zake huota bila shida kwenye mchanga uliochanganywa na mboji kidogo.

Jirani mzuri wa mshubiri ni Leonotis, yule mrefu wa kando ya barabara na pembezoni mwa mashamba ya ngano, mwenye viduara vya miiba vilivyopangana juu ya shina na maua ya rangi ya machungwa yakitokeza kuzunguka kila kiduara. Wengi tunamfyeka kama gugu. Mwaka 1975 watafiti wawili Wamarekani, Frank Gill na Larry Wolf, walichapisha utafiti walioufanya Kenya juu ya chozi wa mabawa ya dhahabu, ndege anayeishi pia katika nyanda zetu za juu za Ngorongoro. Waliona kwamba ndege mmoja huteka eneo lenye maua ya Leonotis ya kumtosha na kulilinda dhidi ya wenzake. Maua yakisongamana, eneo huwa dogo, na yakiwa haba, eneo hutanuka, lakini idadi ya maua yaliyomo inakaribiana. Kwa mwenye bustani hilo ni somo la moja kwa moja: mmea mmoja hapa na mmoja kule haumshawishi chozi kukaa. Panda fungu moja lililosongamana, mahali unapoweza kuliona ukiwa barazani, naye atalifanya lake na kukupa tamthilia ya bure kila asubuhi.

Maua yakiisha, usikate. Mashina makavu yenye viduara vyake husimama hadi Oktoba, na jua la jioni likiwa nyuma yake utaelewa kwa nini nakusihi uache panga kabatini. Yafyeke vuli inapokaribia, mbegu zimeshaanguka zenyewe.

Bogenvilia inajulikana mno, nami nitasema machache. Rangi unayoiona ni majani yaliyojigeuza, na ua lenyewe ni kitu kidogo cheupe katikati. Mmea huu ukiteswa na kiu huchanua, ukibembelezwa na maji hutoa majani. Basi upogoe mwanzoni mwa masika, uuache ukue na mvua, na mvua ikikatika uuache na kiu yake. Mwenye nyumba anayelalamika kwamba bogenvilia yake haichanui, mara nyingi ana mtunza bustani mwenye bidii iliyozidi. Huu ni mmea wa Karatu. Huko juu kwenye ukungu haina furaha.

Kwa uzio, manyara bado ni mfalme. Hainywi maji, mbuzi hawaigusi, na inabaki ya kijani wakati kila kitu kimekauka. Hili la mbuzi ni la kuzingatia, kwani baada ya mavuno mifugo huachiwa mashambani na uzio wa majani matamu hauwezi kufika Septemba. Kuna aina ya manyara yenye ncha za rangi ya machungwa, ambayo baridi ikizidi nayo huzidi kuwa nyekundu. Lakini utomvu wake ni hatari. Ukiingia jichoni unaweza kulijeruhi vibaya. Anayepogoa avae miwani na mikono mirefu, na usiipande kando ya njia ya watoto.

Sioni aibu kupendekeza mbaazi kwenye bustani ya maua. Mahindi yakishavunwa, mbaazi ndizo pekee zinazobaki kijani shambani, zikiwa na maua ya njano yenye michirizi ya wekundu, kisha zinakulisha. Mistari miwili nyuma ya mishubiri inaziba ukuta mbaya wa matofali vizuri kabisa.

Nyasi sasa. Punguza uwanja wa ukoka. Nyasi za kukata ndizo zinazokunywa maji kuliko kitu chochote katika bustani, na ndizo za kwanza kufa ukizikosesha. Acha kipande kidogo mbele ya baraza, na kwingine uoteshe nyasi ndefu za hapahapa. Themeda triandra, nyasi ya mbuga zetu, ikikauka hugeuka rangi ya kutu iliyochanganyika na dhahabu, na kwa upepo wetu haitulii. Ikatwe mara moja kwa mwaka, kabla ya mvua, ng'ombe wapate.

Walio juu kingoni wana kazi tofauti. Huko baridi ya usiku ni kali na ukungu unaweza kukaa hadi saa nne asubuhi, lakini ukungu huo ni maji. Miti ya huko tayari imevaa ndevu za kijivu za kuvu-mwani, na pambo hilo hulinunui popote, kwa hiyo usiruhusu mtu akusafishie matawi. Chini yake kuna kichaka cha jamii ya marejea, Crotalaria agatiflora, chenye maua ya njano-kijani yenye umbo la ndege aliyeshika tawi kwa mdomo, na kinachanua kando ya barabara ya kingoni bila msaada wa mtu. Kuna Helichrysum, maua madogo makavu yanayochakarisha ukiyagusa na ambayo hayanyauki hata yakikatwa. Kuna Kniphofia, yenye mashina marefu ya maua ya rangi ya moto. Mimea hii mitatu na mawe inatosha. Mwenye kambi anayetaka waridi kingoni anatafuta ugomvi na mahali.

Na ndani ya mipaka ya Hifadhi kuna sheria zake. Eneo la Ngorongoro lilianzishwa 1959 na likaingia katika Urithi wa Dunia 1979. Usipeleke huko mche wa kigeni kwa kificho ndani ya boksi la mboga. Waulize kwanza watu wa Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro. Sababu inaonekana kwa macho: lantana, iliyoletwa kwa uzuri wake, imeingia porini na inasonga malisho. Miwati nayo imeingia msituni. Hata Karatu, kilomita chache kutoka lango, ndege hubeba mbegu za lantana bila kuuliza mpaka uko wapi, kwa hiyo usiipande hata kama jirani anayo. Ongeza hapo Senna spectabilis, mti wenye mashada ya njano ambao wauza miche wanausifia. Mahale, kule Ziwa Tanganyika, ulipandwa na watu kisha ukasambaa ndani ya hifadhi, na kuuondoa imekuwa kazi ya miaka.

Kama unapakana na msitu, tembo na nyati nao ni wageni wa kiangazi. Ndizi na miwa karibu na nyumba ni mwaliko. Mishubiri na manyara si mwaliko mkubwa kama huo, ingawa tembo akiamua kupita atapita.

Upandaji wenyewe una siri moja tu, nayo ni muda. Orodha uliifanya Agosti. Miche iagize au ioteshe Septemba. Mashimo yachimbwe Februari, futi mbili kwa futi mbili kwa miti, na udongo wa juu uchanganywe na samadi iliyooza vizuri, isipokuwa kwa mishubiri. Panda mvua za kwanza za masika zikishalowesha ardhi, ili mizizi ipate miezi miwili mitatu ya kushuka kabla baridi haijaingia. Ukipanda Mei mwishoni kwa sababu ndipo ulipopata nafasi, umejiajiri kubeba ndoo hadi Novemba.

Kiangazi cha kwanza tu, mti mchanga upewe ndoo moja ya lita 20 kwa wiki, imwagwe yote kwa mara moja na polepole, ndani ya kisahani cha udongo. Nusu kopo kila jioni hufunza mizizi kukaa juu, na mizizi ya juu hufa kwanza. Maji ya kufulia yasiyo na jiki yanafaa. Tandaza majani makavu ya mgrevilea au makapi ya kahawa, unene wa kiganja, yasiguse shina, na ukiona mchwa ongeza majivu. Mabua ya mahindi waachie ng'ombe.

Kama huwezi kufanya yote haya mwaka huu, fanya mawili: panda fungu la mishubiri langoni, na umkataze kijana wa bustani kufyeka Leonotis iliyoota yenyewe nyuma ya jiko. Chozi watakuja mwezi wa saba.